Jinsi ya kutengeneza websaiti ya mabasi ambayo abiria ataitumia kweli

Nachukua mfano wa kampuni ya mabasi kwa sababu hapo websaiti mbovu inajulikana haraka sana, ila kama wewe una lodge, shule, zahanati au duka la spea utageuza mwenyewe, mambo ni yale yale. Abiria anayefungua websaiti ya basi ana maswali matatu manne: basi la Mbeya linaondoka saa ngapi, nauli sh ngapi, siti ipo, nalipaje. Imeisha hiyo. Hajaja kusoma dira na dhima ya kampuni, na hana shida ya kumuona mkurugenzi kavaa suti kakalia kiti cha ngozi. Yupo stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, begi mkono mmoja simu mkono mwingine, jua linapiga kwenye kioo na bando limebaki MB za kuhesabu. Kila unachoamua kwenye design, kuanzia rangi mpaka neno la kwenye kitufe, mfikirie huyo mtu kwanza.

Kabla hujagusa kompyuta nenda kakae asubuhi moja na dada anayekata tiketi au yule jamaa anayepokea simu za ofisi, andika kila swali linaloulizwa. Utaona yanajirudia. Friji mnabeba? Mtoto wa miaka mitano analipa? Daraja la kati na la kawaida tofauti yake nini? Mnapitia Iringa mjini au mnashushia barabarani? Hayo maswali ndo kurasa zako, na linaloulizwa sana ndo linakaa juu. Watu wengi wanaenda kinyume, wananunua templeti, yani websaiti iliyochorwa tayari, inakuja na sehemu ya "Timu Yetu" na "Wateja Wanasemaje", basi wanaanza kuhangaika kutafuta cha kujaza humo wakati ratiba ya mabasi imewekwa kwenye faili la PDF ambalo mtu alidanlodi afungue kwa app nyingine, avute kwa vidole viwili ndo asome.

Ukurasa wa mbele

Juu kabisa weka sehemu tatu za kujaza, unatoka wapi, unakwenda wapi, tarehe, halafu kitufe kimoja kikubwa kimeandikwa Tafuta basi. Tarehe ikae tayari ya kesho, maana wengi wanakata tiketi ya kesho, atakayetaka nyingine atabadilisha. Na kama kampuni yako ina njia sita saba tu wala usimtafutishe mtu, ziorodheshe zote hapo hapo na saa na nauli, jedwali fupi la maandishi, anaangalia mara moja anaondoka na jibu lake.

Zile picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa, slaida, achana nazo. Najua bosi anazipenda, kila bosi anazipenda, basi jipya kwa mbele, basi jipya kwa pembeni, wahudumu wamejipanga mstari. Abiria anazipitisha na kidole gumba bila hata kuziangalia, halafu zinamsukumia chini kile alichokifuata. Picha moja ya basi inatosha. Na popapu ya "ruhusu tukutumie taarifa" inayomrukia mtu sekunde ya pili tangu aingie, hiyo toa kabisa, hajakujua bado unataka kumtumia taarifa za nini.

Menyu nayo. Vile vimistari vitatu vya kwenye kona vilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka 1981, na mpaka leo kuna watu wazima wana simu ya tachi mwaka wa tano hawajui kama vinabonyezwa. Kama una vitu vinne, viandike vinne vionekane: Ratiba na nauli, Kata tiketi, Mizigo, Piga simu. Vingine visivyo na haraka vitakaa chini mwisho wa ukurasa, anayevitaka atavikuta.

Saa na tarehe

Hapa ndo pana balaa, na templeti za nje haziwezi kukusaidia kwa sababu aliyezitengeneza hahesabu saa kama sisi. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Templeti inaandika "6:00 AM". Kuna abiria atasoma saa sita, na kwa abiria huyo saa sita ni mchana, jua la utosi, basi liko Mikumi huko. Ukisema basi niandike 12:00 peke yake, mwingine aliyezoea saa za simu yake anajua ni mchana vile vile. Kwahiyo usiandike namba tupu hata mara moja. Andika "saa 12:00 asubuhi" kwa maandishi makubwa, halafu pembeni kwa udogo kidogo 06:00 kwa ajili ya mgeni na kwa anayelinganisha na saa ya simu. Fanya hivyo kila mahali, kwenye ratiba, kwenye tiketi, kwenye SMS, usiwe na sehemu moja umeandika hivi na nyingine vile. Saa ya kuripoti stendi nayo iandikwe kivyake, "fika saa 11:30 alfajiri", usimwachie mtu kupiga hesabu ya nusu saa kabla.

Mabasi ya usiku ndo usiseme. "Jumamosi saa 6 usiku" ni usiku upi? Kompyuta inajua Jumamosi imeanza saa sita usiku wa Ijumaa, abiria anajua usiku wa Jumamosi unakuja baada ya mchana wa Jumamosi, na wote wawili wana akili timamu. Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", ni maneno mengi lakini hakuna atakayekosa basi. Tarehe vivyo hivyo, templeti ya Kimarekani inatanguliza mwezi, kwahiyo 04/03 kwao ni tarehe 3 Aprili na kwako ni tarehe 4 Machi. Andika mwezi kwa jina lake na siku yake, Ijumaa 3 Aprili, yameisha.

Uzito

Piga hesabu ndogo. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu nzuri inafika MB 4 kirahisi. Weka tatu kwenye ukurasa wa mbele, MB 12. Mtu yuko sehemu mtandao unasuasua, anapata megabiti 1 kwa sekunde, ina maana kilobaiti 125 kila sekunde, hizo picha zitamchukua sekunde 96. Dakika moja na nusu kaduara kanazunguka tu! Jakob Nielsen aliyeandika sana kuhusu mambo haya alishasema tangu 1993 kwamba zikifika sekunde 10 mtu akili yake imeshahama kwenda kwenye jambo jingine, na Google wao wanataka kitu kikubwa cha kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5.

Dawa ni rahisi na haina gharama. Punguza upana wa picha mpaka pikseli 1200 hivi, ihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, tumia Squoosh inafanya kazi ndani ya browser bure kabisa, picha ya MB 4 inaweza kushuka mpaka chini ya KB 150 na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Za chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" ili zisishuke mpaka mtu azifikie, ila ile ya juu kabisa usiiwekee hiyo maana utaichelewesha bure. Na kila picha iandikie upana na urefu wake kwenye kodi, yani yale maandishi ya HTML yanayounda ukurasa. Usipofanya hivyo ukurasa unaruka pale picha inapoingia, mtu alikuwa anataka kubonyeza Mwanza anajikuta kabonyeza Tanga, unajua ile hasira.

Video inayojicheza yenyewe hapana. Fonti nne za kupakua kutoka nje hapana, ile iliyopo tayari kwenye simu inasomeka vizuri tu. Na ratiba iwe maandishi ya HTML ya kawaida, isiwe kitu kinachosubiri JavaScript, zile programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya browser, ndo kitokee, kuna watu wanatumia Opera Mini kubana bando na ile ikiwa kwenye hali ya kubana sana JavaScript inafanya kazi kwa kiasi tu, kwahiyo ratiba yako yote kwao inaweza kuwa ukurasa mweupe.

Poster la nauli nalo mlitazame, lile analotengeneza kijana wa grafiki likapigwa kwenye Instagram halafu likabandikwa hivyo hivyo kwenye websaiti. Google haliokoti vizuri, programu ya TalkBack inayomsomea asiyeona inaweza isiyasome vizuri maandishi yake, ukilivuta linakuwa ukungu, na siku LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakitangaza nauli mpya lazima umtafute kijana wa grafiki. Nauli ni maandishi. Poster abaki nalo Instagram.

Kusomeka na kubonyezeka

Maandishi yaanzie pikseli 16. Kwenye iPhone kuna na sababu ya ziada, sehemu ya kujaza yenye maandishi chini ya 16 ukiigusa Safari inavuta ukurasa mzima, mtu anapotea hajui yuko wapi. Na usizuie mtu kukuza ukurasa kwa vidole, kuna templeti zinazuia, sijui nani aliwaambia ni uzuri.

Rangi ya kijivu kwenye nyeupe inapendeza ofisini kwenye laptop yenye mwanga, nenda nayo nje saa saba mchana uone kama utasoma. Kipimo kipo, miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu cha #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa shida, ukikififisha zaidi ya hapo umeanguka. Na ile kijani ya WhatsApp ambayo kila mtu ameiwekea maandishi meupe, "Chati nasi", uwiano wake ni kama 2 kwa 1, yani nusu ya kinachotakiwa haifiki. Weka maandishi meusi juu yake au tumia kijani iliyokolea.

Vitufe viwe na pikseli 48 kwa 48, ndo wanayoshauri Google kwa Android, na viachiane nafasi. Watu wanasema ramani ya siti haiwezekani kwenye simu, inawezekana sana. Kioo cha simu nyingi za Android browser inakihesabu pikseli 360 kwa upana, toa 16 kila upande zinabaki 328, gawa kwa tano, siti mbili, njia, siti mbili, unapata 65 kila moja. Siti ya 48 inaingia na nafasi inabaki. Onyesha dereva anakaa wapi na mlango uko wapi, abiria anachagua siti kwa kuangalia dirisha na jua litapiga upande gani, siyo kwa namba. Na siti iliyochukuliwa usiionyeshe kwa rangi nyekundu peke yake, ipige na alama ya X, kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Fomu na malipo

Jina liwe sehemu moja tu, "Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho". Hizi sehemu mbili za jina la kwanza na la ukoo zinawachanganya watu wenye majina matatu, mmoja anaweka la baba hapa, mwingine la babu. Namba ya simu ipokee mtu alivyoizoea, aanze na 0, aanze na +255, aweke nafasi katikati, asiweke, wewe safisha huko nyuma kwenye sava, ile kompyuta inayoendesha websaiti. Ipe type="tel" kibodi ya namba itoke yenyewe. Barua pepe usilazimishe. Postikodi futa, nani anaikumbuka ya kwao. Akaunti na nywila kwa ajili ya kwenda Dodoma mara moja kwa mwaka, jamani.

Jina la kila sehemu likae juu yake, lisiwe yale maandishi ya kijivu yaliyo ndani yanayopotea mtu akianza kuandika, akikatishwa na simu akirudi hakumbuki hapa palikuwa pa nini. Akikosea mwambie amekosea wapi kwa maneno ya mtu: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja". Usimwandikie "Invalid input" na usimfutie alivyojaza.

Bei yote ionekane kabla hujamuomba namba ya simu, nauli, ada ya mfumo kama ipo, kila kitu. Na kitufe cha mwisho kiandike kiasi: Lipa sh 48,000. Mtu akiona "Wasilisha" hajui kama hela inatoka sasa hivi au baadaye.

Sasa ameshabonyeza Lipa. Kinachofuata ni lile ombi la namba ya siri kuruka juu ya kioo, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa, linaziba websaiti yako yote. Saa nyingine linachelewa. Mtu anaona kimya, anabonyeza tena, mara yanakuja mawili, anaweka namba ya siri kote kote, hapo umeshatengeneza ugomvi wa kurudishiana hela utakaowachukua siku. Kwahiyo akibonyeza tu kitufe kizimike, na pale pale yatokee maneno makubwa: "Tumetuma ombi la sh 48,000 kwenye simu yako. Weka namba ya siri. Usibonyeze tena, subiri hapa." Na kwenye sava kila oda iwe na namba yake moja ili hata ombi lifike mara kumi lihesabike moja.

Kuna kingine ambacho mtu anayetesti kwenye laptop hawezi kukiona maisha yake yote. Simu yenye RAM ya GB 2, mtu akitoka kwenye browser akaenda kuangalia meseji ya muamala, Android inaweza kuufunga ule ukurasa ili ipate nafasi, akirudi ukurasa unaanza upya mweupeee, siti haipo, hela imetoka, hajui ameshalipa au ameibiwa. Usitegemee browser ikumbuke chochote. Oda ihifadhi kwenye sava kabla ya malipo, linki ya ukurasa iwe na kumbukumbu ya oda ili ikifunguka upya ionyeshe mambo yamefikia wapi, na hiyo kumbukumbu iwe herufi za kuchanganya, isiwe 1001, 1002, mtu akabadilisha namba moja akasoma tiketi ya mwenzake. Mwambie pia siti umemshikia kwa dakika ngapi. Malipo yakiingia tuma SMS ya kawaida, namba ya tiketi, siti, saa, mahali pa kupandia. SMS inafika hata kama bando limekata.

Lugha na mawasiliano

Kama websaiti ni ya Kiswahili iwe ya Kiswahili mpaka kwenye meseji za makosa, siyo juu Kiswahili chini "Read more". Pa kubadilisha lugha andika "Kiswahili" na "English" kwa maneno, usiweke bendera, maana Kiswahili utakiwekea bendera ya nchi gani. Kwenye kodi juu kabisa andika lang="sw", watu wanaisahau sana hii, ndo inayoiambia programu ya kusomea wasioona itumie matamshi ya Kiswahili, bila hiyo inaweza kusoma "Nauli" kwa lafudhi ya London.

Namba ya ofisi iwe linki ya tel: ili ukigusa inapiga. Ya WhatsApp ni wa.me/ halafu namba ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele, ukiibakiza sifuri linki haifanyi kazi. Andika na masaa mnayopokea simu.

Kuijaribu

Chukua simu ya bei ya chini, siyo yako, weka laini yenye data ya kawaida, zima waifai, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo websaiti. Shangazi, bodaboda wa kijiweni, yeyote asiyefanya kazi za kompyuta. Mwambie: "Natakiwa niwe Arusha Jumatatu mchana, nikatie tiketi". Halafu nyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndo ngumu, utataka kusema "si hicho hapo juu", usiseme, angalia kidole chake kinakwenda wapi kwanza na kinasita wapi. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mjibu "wewe unaonaje?". Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, kisha rekebisha ujaribu na wengine watano. Huna watano, tafuta wawili, bado ni bora kuliko kikao cha watu nane kubishana rangi ya kitufe.

Kwa upande wa mashine ingia pagespeed.web.dev uandike anuani yako, soma majibu ya simu siyo ya kompyuta, anza na kile cha juu kabisa kwenye orodha ya lawama, mara nyingi ni picha.

Kazi za baadaye mpe mtu mmoja kwa jina. Nauli ikibadilika abadilishe siku hiyo hiyo, tangazo la sikukuu ya mwaka juzi alitoe. Hakikisha cheti cha HTTPS, ule ulinzi wa mawasiliano ya websaiti, hakijaisha muda, cheti cha Let's Encrypt ni bure na kinaweza kujihuisha chenyewe kikipangwa vizuri, bila hicho Chrome inamwambia abiria wako sehemu hii siyo salama wakati unamuomba hela. Na jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina la kampuni, barua pepe ya kampuni, lisiwe la yule kijana aliyewatengenezea, mkija kukosana naye mtashangaa websaiti imeenda naye.